Bondo haliponyi bia iliyoharibika

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu wanaojaribu kutengeneza bia ya pipa huku Nyanda za Juu Kusini ina mambo mawili ambayo hayawezi kuachwa yalivyo. Ilisema kituamishi, yaani kile kinachotiwa kwenye bia ili itulie na kung'aa, ni "dawa ya kuua hamira". Kisha ikashauri kwamba bia ikikataa kung'aa iongezewe dozi ya pili, mara mbili ya ile ya kwanza. La kwanza si kweli. La pili litamharibia mtu pipa zima.

Kwanza tuelewane ni bia gani. Si ile ya drafti inayouzwa kwenye baa za mjini, ambayo imechujwa kiwandani ikabaki bila hamira na inasukumwa kwa gesi ya mtungi. Bia ya pipa kwa desturi ya Uingereza, ambako imedumu mpaka leo, huingia kwenye pipa ikiwa na hamira hai na masalia kidogo ya sukari, ikamalizia kuchacha humohumo, ikajitengenezea gesi yake, kisha ikamiminwa kutoka pipa hilohilo bila kuchujwa. Hamira lazima itoke njiani kwa namna nyingine: izame kwenye tumbo la pipa na ikae huko mpaka bia inayouzika imalizike. Kituamishi kinafanya hilo tu. Hakiui kitu. Hamira iliyozama iko hai, na pipa likitikiswa inapanda tena.

Wala hatuzungumzii ulanzi au komoni, pombe zetu za kienyeji. Mnywaji wa Iringa au Njombe akiletewa ulanzi mwangavu kama maji ya chupa atauliza umechanganywa na nini, na atakuwa na haki. Vinywaji hivyo uzuri wake uko kwenye uzito wake.

Sasa kituamishi chenyewe. Kinachotumika zaidi kwenye bia ya pipa huitwa isinglasi, na kwa jina ambalo wenzetu wa Mwanza, Musoma na Bukoba wanalifahamu zaidi kuliko Waingereza, ni bondo, yaani kibofu cha hewa cha samaki. Zamani Ulaya ilitumia bondo la samaki aitwaye stajoni. Baadaye wakageukia samaki wa maji ya joto, sangara wa Ziwa Victoria akiwamo. Mabondo mengi ya ziwa hilo leo huishia kwenye supu za Wachina kwa bei ambayo mtengeneza bia hawezi kushindana nayo, lakini kitu ni kilekile.

Bondo kavu karibu lote ni kolajeni, protini ndefu ya nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba ya katani. Bia ina uchachu wa pH 4.0 hadi 4.5, na katika uchachu huo kolajeni hubeba chaji chanya wakati ngozi ya chembe ya hamira ina chaji hasi. Vinavutana. Kamba moja ndefu hushika chembe nyingi za hamira, zikawa bonge, na bonge huzama upesi kuliko chembe mojamoja. Aliyewahi kusafisha maji ya mto kwa mbegu za mlonge zilizotwangwa ameshaona jambo lenyewe kwa macho: protini ya mlonge nayo ina chaji chanya na huvuta udongo. Hatusemi mlonge utiwe kwenye bia. Na shabu, ambayo inafanya kazi inayofanana kwenye maji, isikaribie pipa kabisa.

Nguvu ya bondo imo katika ule msokoto, na joto ndilo adui yake. Kolajeni ya samaki wa maji baridi huanza kufumuka joto likipita nyuzi 15 hivi. Ya samaki wa maji ya joto huvumilia zaidi kidogo. Kwa tahadhari, bondo la maji, yaani lililokwisha kutayarishwa tayari kutiwa kwenye bia, halipaswi kukaa juu ya nyuzi 20 hata kwa siku moja. Likishafumuka linakuwa jelatini nyepesi, na kulirudisha kwenye friji hakulisokoti upya. Hapa ndipo watu wa huku wanapopata hasara bila kujua. Dumu la bondo la maji likiagizwa Dar es Salaam hupandishwa kwenye buti la basi, likapita Morogoro na Mikumi kwenye joto, na kufika Mbeya baada ya kilomita zaidi ya 800 likiwa halina kazi. Halinuki wala halibadiliki rangi. Dalili pekee ni kwamba limekuwa jepesi: bondo zima hutiririka kwa uzito, lina ulendalenda kama bamia iliyochemka, lililokufa linamwagika kama maji. Anayeagiza kutoka mbali aagize la unga, alikoroge mwenyewe kwa maji baridi yaliyochemshwa na kupoa, afuate muda ulioandikwa kwenye pakiti, alihifadhi kati ya nyuzi 4 na 15.

Wapo wanaouliza kama wanaweza kununua bondo kavu na kulitumbukiza. Haliwezi kufanya kazi hivyo. Bondo kavu ni gumu kama ngozi ya ngoma. Kwa njia ya zamani huoshwa, utando wa nje na mafuta huondolewa, likakatwakatwa vipande vyembamba, likalowekwa kwenye maji baridi yenye asidi, kwa kawaida ya tatariki pamoja na salfaiti kidogo ya kuzuia kuoza, kwa wiki kadhaa mpaka likavimba na kuwa uteute, kisha likapitishwa kwenye chujio laini. Asidi ndiyo inayofungua bondo bila kulipika. Anayetaka kuharakisha kwa maji ya moto anapata mchuzi wa samaki.

Kuhusu kipimo, makala ilitaja "kikombe kimoja kwa pipa" bila kusema pipa la ukubwa gani. Mapipa ya Uingereza yana vipimo vyake: dogo lina lita 20.5, la kawaida kwenye baa lita 40.9, na linalofuata lita 81.8. Bondo la maji lililo tayari kutumika hutiwa kati ya mililita 7 na 14 kwa kila lita ya bia, kutegemea hamira na kimea. Kwa pipa la lita 40.9 ni kama mililita 290 hadi 570. Huo ni upana mkubwa, na katikati yake hakuna namba ya kukisia. Unapima.

Kupima hakuhitaji maabara. Chukua chupa 6 za plastiki angavu za nusu lita, zilizooshwa vizuri, na bomba la sindano lisilo na sindano kutoka duka la dawa. Jaza bia kutoka tangi lile utakalojazia mapipa. Chupa ya kwanza usiitie kitu. Tano zilizobaki zitie mililita 2.5, 3.5, 5, 6.5 na 8. Pindua kila chupa taratibu mara kumi, usiitikise kama soda, ziweke pamoja mahali penye nyuzi 12 hivi, uziangalie baada ya saa 1, saa 12 na saa 24 ukiwa umeweka gazeti lenye maandishi nyuma yake. Huangalii mwangaza peke yake. Angalia pia mashapo: yamejishika chini kama tope lililotulia, au yamekaa juujuu kama pamba? Chagua dozi ndogo kuliko zote iliyotoa bia angavu na mashapo yaliyoshikana. Kama ni ile ya mililita 5, hiyo ni mililita 10 kwa lita, basi pipa la lita 40.9 linataka kama mililita 410.

Ukiangalia chupa ya mwisho, yenye mililita 8, utaona kwa nini ushauri wa "ongeza mara mbili" ni mbaya. Bondo likizidi, chembe za hamira hufunikwa zote na chaji chanya, na vitu vyenye chaji moja husukumana badala ya kushikana. Wingu linabaki. Hata pale bia inapong'aa, mashapo yanakuwa marefu na mepesi, na ukifungua bomba yanaingia kwenye glasi. Kwa hiyo mtu aliyetia kidogo na aliyetia kupita kiasi wanaweza kuwa na bia inayofanana, na wa pili akasoma gazeti akaongeza tena.

Kabla ya bondo, bia yenyewe iwe imefika. Hamira iliyobaki kwenye bia wakati wa kujaza pipa iwe kati ya chembe laki 5 na milioni 2 kwa mililita. Asiye na darubini atumie muda na haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki: bia ijazwe ikiwa pointi 2 au 3 juu ya pale itakapoishia, mfano 1.012 kwa bia inayoishia 1.010, baada ya kupoozwa kwenye tangi mpaka hamira nyingi imeanguka yenyewe. Ukijaza mapema bia ikiwa 1.018, hamira ni nyingi kupita uwezo wa bondo lolote, gesi inaendelea kupanda, na kila povu linalopanda linabeba bonge la hamira kwenda juu. Ukichelewa, hamira haibaki ya kutosha na bia inakuwa bapa, bila gesi, ingawa itang'aa kama kioo. Kati ya makosa hayo mawili, la pili linanyweka.

Aina ya hamira inaamua zaidi ya kituamishi. Iko hamira inayoshikana vizuri na kuanguka bila kubembelezwa, na iko isiyoshikana hata ukiipigia magoti. Hamira ya mkate ya dukani iko kwenye kundi hili la pili, na anayeitumia kwa bia ya pipa asilalamikie bondo. Maji nayo yana neno: kalsiamu ikiwa chini ya miligramu 50 kwa lita, hamira nyingi hushindwa kushikana vizuri.

Pipa likishapata bondo livingirishwe vizuri ili lichanganyike, halafu lilazwe kwenye kitanda chake cha mbao, limekazwa kwa kabari lisitikisike, na lisiguswe tena. Mdomo mkubwa wa ubavuni uwe juu kabisa. Saa chache baadaye pigilia kijiti laini chenye vitundu kwenye kizibo hicho cha juu ili gesi iliyozidi itoke. Bia itatoa povu. Lifute na kubadilisha kijiti kikiziba. Povu likishapungua mpaka ukilifuta linachelewa kurudi, toa kijiti laini, weka kigumu kisichopitisha hewa, ibaki gesi kiasi. Kuruka hatua hii ni sababu moja kubwa ya bia kukataa kutulia, kwa sababu gesi inayopanda haiachi kitu kizame. Baada ya hapo saa 24 hadi 48 kwenye nyuzi 11 hadi 13. Bomba lipigiliwe mapema, si dakika tano kabla ya kuuza, maana nyundo inaamsha mashapo.

Hapo ndipo hali ya hewa yetu inapotupa kwa mkono wa kulia na kutunyang'anya kwa wa kushoto. Mbeya iko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, Njombe iko juu zaidi, na miezi ya baridi chumba cha matofali chenye sakafu ya udongo kinaweza kukaa karibu na nyuzi zinazotakiwa bila friji. Mtu wa Dar es Salaam hana hilo. Lakini Juni na Julai tofauti ya usiku na mchana ni kubwa, na bondo hufanya kazi vizuri joto la bia linapopanda polepole, vibaya linaposhuka. Bia iliyowekewa bondo jioni ikiwa nyuzi 16, ikaachwa kwenye banda la mabati, alfajiri inakuwa imeshuka nyuzi kadhaa: mabonge yanabaki yakining'inia katikati kama vumbi kwenye mwanga wa dirisha. Fanya kinyume chake. Tia bondo bia ikiwa baridi ya asubuhi, nyuzi 8 au 9, iache ipande kuelekea 12, na funika pipa kwa magunia mawili yaliyokauka ili usiku usiishushe. Ukuta mnene na dari vinasaidia kuliko kifaa chochote cha kununua.

Jelatini imesifiwa kwenye makala kwamba ni "sawa na bondo, tena rahisi". Ni rahisi, na inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya keki. Si sawa. Bondo likitikiswa pamoja na bia hutua tena, mara 3 au 4 au hata 5 kabla nguvu haijaisha, na kwa pipa linalosafirishwa kutoka Mbeya kwenda Tukuyu au Makambako hilo ndilo linalohitajika. Jelatini haina uvumilivu huo. Mahali pake ni kwenye tangi, kabla ya kujaza pipa: gramu 2 hadi 3 kwa lita 20, nyunyiza juu ya mililita 150 za maji baridi, acha dakika 15 hadi 20 ivimbe, pasha polepole mpaka nyuzi 65 hadi 70, isichemke, mimina kwenye bia iliyokwisha kuwa baridi chini ya nyuzi 8, subiri siku 2 au 3. Ukiitia kwenye bia ya nyuzi 18 utangoja sana. Wanunuzi wakumbuke pia kwamba jelatini hutoka kwa ng'ombe au nguruwe na pakiti nyingine hazisemi ni yupi. Kwa mji wenye wateja wa kila imani, muuzaji anapaswa kujua anachotia.

Kuna bia ambayo bondo la kipimo sahihi, lenye afya, kwenye joto sahihi, bado halitaiweza. Hiyo ndiyo sehemu makala iliyoiruka kabisa, na ndiyo inayowagharimu watu.

Anza na glasi moja. Ipashe mkononi au kwenye maji vuguvugu mpaka ifike nyuzi 20. Wingu likipotea, ni protini iliyoshikamana na polifenoli za kimea na hopsi, hujitokeza kwenye baridi tu na halina madhara. Iuze kwenye nyuzi 12 wala usihangaike. Lisipopotea, tia tone la iodini kwenye bia kidogo ndani ya kisahani cheupe. Ikigeuka buluu au nyeusi, hiyo ni wanga, na bondo halina ugomvi wala urafiki na wanga kwa sababu hauna chaji ya kuvutia. Wanga hutokana na kuloweka kimea vibaya: joto halikukaa kwenye nyuzi 65 hadi 67 kwa muda wa kutosha, au, na hili ni la kwetu zaidi, mtu ameongeza unga wa mahindi au ulezi moja kwa moja kwenye kimea. Nafaka hiyo ipikwe kwanza uji, ipoe mpaka joto la kimea, ndipo ichanganywe. Kipimo cha iodini kifanywe siku ya kupika, kwenye maji ya kimea, kabla hayajachujwa na kuchemshwa. Kwenye pipa kinakuambia tu jina la hasara yako.

Kama si baridi na si wanga, nusa na uonje. Uchachu mkali usiokuwapo wiki iliyopita, harufu ya siagi, au bia inayovutika kama ute wa yai ni bakteria. Hao ni wadogo mno kuliko hamira, bondo haliwakusanyi vizuri, na hata likiwakusanya ladha imeshaharibika. Hapo hakuna kituamishi. Mwaga, kisha tafuta walikoingilia: bomba la plastiki lenye mikwaruzo ndani, koki isiyofunguliwa ikasafishwa, ufa kwenye kizibo. Au pipa lenyewe. Mapipa ya mbao ya Ulaya ni ya mwaloni, na hata huko mengi ya leo ni ya chuma au plastiki. Msonobari wa Sao Hill ni mbao nzuri ya paa, lakini una utomvu unaoladhisha bia na vinyweleo vinavyohifadhi wadudu. Fundi asipewe kazi ya kuutengenezea pipa la bia. Na dumu la plastiki liwe la chakula tangu lilipotoka kiwandani, si lililobeba dawa ya mashamba hata kama limeoshwa mara kumi.

Likibaki wingu ambalo si lolote kati ya hayo, mara nyingi ni protini yenye chaji chanya. Bondo nalo ni chanya, kwa hiyo havivutani. Kwa hiyo kuna kituamishi saidizi cha chaji hasi, cha silikati au aljineti, ambacho hutangulia. Kanuni yake ni moja: kisikutane na bondo kwenye chombo kimoja kabla ya bia. Vikikutana vinashikana vyenyewe na unamimina uji kwenye pipa. Tia saidizi kwanza kwenye tangi, changanya, ipe muda, halafu bondo wakati wa kujaza pipa. Kipimo chake kitafutwe kwa chupa kama cha bondo, kwa safu ya pili ya chupa ambazo zote zina dozi ileile ya bondo na saidizi inayopanda.

Lakini protini hiyo ingeweza kuondolewa mapema zaidi kwa gharama ndogo, jikoni, kwa mwani. Ndiyo, mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, zaidi na akina mama, ukakaushwa na kusafirishwa nje. Ndani yake mna karajinani, yenye chaji hasi, na ndiyo hiyo Waingereza waliipata kwenye mwani wao wa baharini kwa jina la "Irish moss". Kwa kazi ya bia aina ya kotonii ni bora kuliko spinosamu kwa sababu karajinani yake ni ya namna tofauti, na kotonii ndiyo adimu zaidi kwa kuwa haivumilii maji ya bahari yakipata joto. Mwani mkavu uoshwe chumvi na mchanga, ulowekwe, utiwe gramu 2 hadi 4 kwa lita 20 zikiwa zimebaki dakika 10 hadi 15 kuchemsha kuishe. Karajinani iliyosafishwa, ya tembe au unga, ni miligramu 20 hadi 60 kwa lita. Inataka pH juu ya 5, kwa hiyo inafanya kazi kwenye maji ya kimea na haifai kutiwa kwenye bia iliyokwisha kuchacha. Ikizidi, chini ya sufuria panajaa mashapo mengi mepesi na unapoteza lita kadhaa za maji ya kimea.

Mwani hauwezi kufidia mchemko dhaifu. Kwenye kimo cha Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, Njombe chini ya hapo kidogo, na protini huganda polepole zaidi. Vitabu vilivyoandikwa pwani ya Ulaya vinasema dakika 60. Huku chemsha kwa nguvu dakika 75 hadi 90, kifuniko kikiwa wazi, mpaka uone vipande kama mayai ya supu vikizunguka. Kisha pooza haraka, ndani ya nusu saa ikiwezekana, maana protini nyingine huganda wakati wa kupoa tu. Chota glasi moja baada ya kupoa na uiache itulie: juu iwe angavu, chini pawe na vipande. Kama juu pana maziwa, tayari unajua bondo litakuwa na kazi gani wiki tatu baadaye.

Mwisho ni suala la mnywaji. Bondo karibu lote huzama na mashapo, na Umoja wa Ulaya umeliondoa kwenye orodha ya vitu vinavyolazimika kuandikwa kama vizio linapotumika kutuamisha bia na mvinyo. Hilo halimtoshelezi asiyekula samaki. Ndiyo sababu Guinness ilitangaza Novemba 2015 kwamba inaacha bondo. Mtengenezaji wa Mbeya au Iringa anayepeleka bidhaa yake TBS, shirika la viwango, kuthibitishwa aorodheshe kituamishi kwenye maelezo ya utengenezaji, na kwenye ubao wa baa aandike "imetuamishwa kwa bondo la samaki" au "haikutuamishwa". Wapo wateja watakaochagua hiyo ya pili na kuinywa na wingu lake, na kwa bia ya ngano ndivyo inavyostahili.

Tunaomba neno "dawa" lisahihishwe kwenye toleo lijalo, pamoja na ule ushauri wa dozi ya pili. Aliyekwisha kuufuata na bia yake bado ina wingu asiongeze kitu kingine. Avingirishe pipa, alilaze upya, atoe gesi kwa kijiti laini, angoje siku 2. Bia isipong'aa, afanye vile vipimo vitatu vya glasi kabla ya kufungua bomba.

Watengenezaji wa bia,
Mbeya